Thuwaiba Haimbi Nyimbo Mpya

Kwetu Wingwi walikuwa wakiniita redio. Nikianza asubuhi na habari ya mbuzi aliyekata kamba, adhuhuri niko na mbuzi yule yule, ila sasa keshaingia shamba la tatu na kesi imefika kwa sheha, mkubwa wa mtaa. Niliolewa hapa Jadida, Wete, na maneno yangu nikaja nayo yote. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani unazungumza na mtu mpole mwenye subira. Subira nimeisoma ukubwani, kwa kulazimishwa, na mtihani wake bado naurudia.

Ninalotaka kulieleza ni lililompata mwanangu Thuwaiba. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mwaka wa kwanza wa maandalizi, hajang'oka jino hata moja. Mambo ya kidaktari nawaachia wenyewe. Mimi naandika kwa ajili ya mama aliyekaa sasa hivi kwenye benchi la hospitali, mtoto kamlalia mapajani, kila anayepita anamuuliza "kafanyaje?" na jibu hana. Benchi lile nimelikalia, nalijua lilivyo gumu.

Homa ilikuja kiangazi, msimu wa karafuu umekwisha, majamvi ya kuanikia yamekunjwa. Mume wangu Hamad ni mvuvi, mtu wa Kojani, na wakati ule alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, mahali ambapo simu hushika ikitaka yenyewe. Mwanzo nilidhani ni homa za kawaida za watoto. Kisha Thuwaiba akawa analia kila nikifungua dirisha, mwanga unamuumiza macho, na nilipotaka kumwinua kichwa anywe maji, shingo ikawa haikunjiki. Nikambeba vile vile na kanga ya kulalia, nikamsimamisha jirani mwenye pikipiki.

Wodini aliwekewa dripu, akachomwa sindano asubuhi na jioni, mikono ikavimba mpaka wauguzi wakawa wanatafuta mshipa mguuni. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema. Nilimhadithia yule mbuzi, nikamhadithia harusi ya khalati yake, mdogo wangu, nikamsomea kila sura ninayoijua na zile ninazozibabaisha. Bibi mmoja wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake, alinivumilia siku nyingi. Mwisho akanipa kikombe cha uji, akasema, "Kunywa, mwanangu. Ukinywa na sie tutapumzika." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu homa ianze. Bibi yule hadi leo namuombea dua.

Homa ikashuka. Thuwaiba akafumbua macho, akaomba muhogo wa nazi, na nikajua anarudi. Lakini alirudi kama mtoto anayejifunza kusimama upya. Alishika ukuta, akashika kanga yangu, na akiiachia anapepesuka. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na nywele zilimtoka nikichana. Daktari alisema atapata nguvu taratibu, na kweli, taratibu, akaweza kuvuka uwanja peke yake, tukaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mavyaa wangu, Bi Mize, mama yake Hamad, alivuka kutoka Kojani na kapu la samaki wa kukaanga. Ikasomwa dua ya shukrani, majirani wakajaa ukumbini, na Bi Mize akampakata mjukuu wake. Dua ilipokwisha akamgusa kidevu, kama alivyozoea kufanya akitaka asomewe. Thuwaiba akasoma Alhamdu kutoka mwanzo hadi mwisho, akaunganisha na Kulhuwallahu, sauti imenyooka, habahatishi hata herufi. Watu wakalia, na mimi nikalia kuliko wote.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mize, "mtoto kapona. Hana alichopoteza."

Hapo ndipo tulipokosea, wote kwa pamoja, na nadhani ni kosa letu hasa sisi watu wa huku. Kwetu mtoto akisoma, basi ni mzima. Tena tunasoma kwa pamoja. Chuoni, yaani madrasa, maalim hutoa aya na watoto wakaipokea kwa sauti moja, wanayumba mbele na nyuma. Skuli mwalimu husema na darasa zima likaitikia. Mtoto akikaa katikati ya sauti ile, akaangalia midomo ya wenziwe, akayumba wakiyumba na akanyamaza wakinyamaza, nani atamjua? Sura zile Thuwaiba alizihifadhi kabla ya kuugua. Zilikuwa kichwani mwake tayari, hazikuhitaji sikio.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nikimwita haji. Nikimtuma chumvi analeta kikombe. Akizungumza anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya bonde. Nilisema ni deko la ugonjwa, mtoto kazoea kubembelezwa wodini, na majirani wakanambia nimemwengaenga sana. Nikaona wana haki.

Masika yalipoanza, mwalimu wake alikuja nyumbani baada ya alasiri, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mwalimu Sabiha ni msichana mdogo, mwembamba, ukimwona njiani utadhani naye ni mwanafunzi. Chai niliyomwekea hakuigusa mpaka alipomaliza lililomleta.

"Mama Thuwaiba, nataka kukwambia jambo, usinichukulie vibaya."

"Sema, Mwalimu."

"Nyimbo alizozijua kabla hajaugua anaimba zote. Mpya haimbi hata moja. Mdomo unakwenda, lakini maneno hayamo."

"Labda bado hajazoea. Kalala sana mtoto yuno."

"Na mimi nilidhani hivyo. Jana nikawaambia wafumbe macho tuombe dua. Wenziwe wakasema amin, yeye kimya. Akafumbua jicho moja, akaona midomo yao, ndipo na yeye akasema amin."

Thuwaiba alikuwa kibarazani anapanga makome ya pwani, makubwa mbele, madogo nyuma. Nikachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, nikasimama nyuma yake, nikagonga kwa nguvu zangu zote. Paka aliruka akapotelea kwa jirani. Kuku wakatawanyika. Thuwaiba akaokota kome jingine, akalitizama, akalipanga mahali pake.

Mwalimu Sabiha akanichukua ule mwiko mkononi. Nikakaa pale pale chini. Maneno yale yote niliyomsemea wodini, sijui ni mangapi yaliyomfikia na ni wapi yalipokatikia. Hilo liliniuma sana, na likinijia hata leo linaniuma.

Kisha yakaja mabenchi. Benchi la hospitali ya hapa, kisha rufaa, kisha boti ya kutoka Mkoani kwenda Unguja, na Thuwaiba akanitapikia njia nzima. Benchi la Unguja lilikuwa limebonyea katikati, kwa hivyo waliokaa pembezoni huteleza polepole mpaka wakagusana. Mimi niliteleza nikakutana na mama mmoja wa pale mjini, kaja na mwanawe mkubwa. Nilipotoa salamu tu akajua nimetoka wapi.

"Pemba sehemu gani?"

"Wete."

"Ndo mara ya kwanza?"

Nikamwambia ndiyo. Akaninong'oneza kana kwamba ananipa siri ya upishi: "Ukishaambiwa majibu, usimtizame mtoto mpaka uso wako ushaupanga. Anausoma huo. Hana kingine cha kusoma." Nimeambiwa mengi na watu wenye koti jeupe, na yote nashukuru, lakini hili ndilo nililolitumia zaidi.

Kipimo chenyewe kilikuwa kama mchezo. Walimvalisha vidude vikubwa masikioni, wakampa ushanga na kopo. Akisikia mlio, atie ushanga mmoja. Thuwaiba akawa anatia ushanga vizuri kabisa, tiki, tiki, na mimi nikaanza kutabasamu kama mjinga. Yule bibi mpimaji akatulia, akamtizama, kisha akamgeuzia kiti ukutani. Ushanga ukabaki mkononi. Mtoto wangu alikuwa akimsoma uso: akiinamia mashine yake, Thuwaiba anatia. Nilimwonea huruma na nikamwonea fahari wakati mmoja, sijui kama hilo lina jina.

Majibu yakawa kwamba sikio la kulia halisikii kitu, la kushoto linasikia kidogo. Atapata mashine ya kuvaa kwenye hilo la kushoto, lakini si leo, na itasaidia, lakini haitarudisha kila kitu. Nikaupanga uso. Ilichukua muda, maana uso wangu haujazoea kupangwa. Kisha nikamgeukia mwanangu, nikamuonyesha mlango kwa mkono, tukaenda kunywa urojo.

Kipupwe kile kilikuwa kigumu kuliko homa yenyewe. Maneno yalianza kumponyoka. Mwanzo alimeza mwisho wa neno, kisha katikati, mpaka jina lake mwenyewe likabaki nusu. Mtoto aliyekuwa akisoma Alhamdu watu wakalia, sasa akiomba maji inabidi umwangalie mkono. Nilikuwa nikiamka asubuhi namuuliza maneno, hili nini, hili nini, kama mtu anayechungulia ghala linalovuja. Yeye akichoka anaziba mdomo wangu kwa kiganja chake.

Bi Mize naye alifanya la kwake. Alileta kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, Thuwaiba akanywa. Watu waliniuliza kwa nini nimekubali. Nilikubali kwa sababu ni maneno ya Mungu na yameletwa na bibi anayempenda, na kwa sababu kombe halikumzuia mtu kupanda boti. Ukiwa na mgonjwa, usigombane na kila anayekuja na sahani.

Mashine ilifika vuli, karafuu zikichumwa. Ni kitu kidogo, kinakaa nyuma ya sikio, na kimeunganishwa na kijiplastiki kinachoingia ndani. Siku za mwanzo kilimchubua. Siku moja tuliitafuta nyumba nzima, tukaikuta ndani ya pakacha la ndimu. Siku nyingine aliitumbukiza kwenye uji ili, kwa maelezo yake ya mikono, nayo ile. Jasho likizidi inapiga filimbi. Nilijifunza kuifuta, kuikausha na kubadilisha betri, mimi ambaye hata saa ya ukutani namwachia Hamad.

Lakini mashine haikumfanya afuate darasa, na hapo ndipo nyumba yangu ilipotikisika. Pikipiki ilikuwa imemkosa kidogo tu pale barabarani; ilipiga honi, yeye anatembea. Bi Mize akasikia. Akavuka tena kutoka Kojani, safari hii bila samaki.

"Siichukii skuli," alisema, tumekaa ukumbini sote watatu, Hamad kati yetu anatizama mkeka. "Namwonea uchungu mtoto. Kutwa kukalishwa na watu asowasikia, wanamcheka. Kwetu Kojani hakuna gari wala pikipiki. Atakaa na mie, atasuka ukindu, atakua. Skuli ya nini, mwanangu?"

"Mama, huyu ana akili," nikasema.

"Nani kasema hana? Mwenye akili ndo anoumia."

Hamad akakohoa. Alisema tungoje mpaka skuli zifungwe baada ya masika yajayo. Ikiwa bado mtoto anakaa darasani anafungua na kufumba mdomo tu, basi atakwenda kwa bibi yake, na mambo ya skuli yaishe. Mama yake akaridhika. Mimi nikazima redio. Siku kadhaa Hamad alikula chakula bila hadithi, na baadaye aliniambia kuwa kimya kile kilimtisha kuliko bahari.

Kesho ya kikao kile nilikwenda kwa Mwalimu Sabiha, nikamwambia wazi: mwanangu atachukuliwa, na siwezi kumzuia mume wangu kwa maneno matupu. Yeye alikuwa amewahi kupelekwa semina ya elimu mjumuisho, na mwezi mzima alikuwa akibadilisha mambo bila ya kunitangazia. Alinikaribisha nikae nyuma nitizame.

Alikuwa ameacha kusema huku kaupa mgongo mkeka wa watoto. Thuwaiba kamkalisha mbele pembeni, pale anapomwona mwalimu na akigeuka kidogo anawaona na wenziwe. Ukutani pana picha za mambo ya siku: kunawa mikono, hadithi, uji, mchezo, nyumbani. Kila jambo likianza anagusa picha yake. Watoto wamefundishwa wasimwite kwa nyuma, bali wamguse bega au wagonge sakafu kwa kiganja. Picha zile, aliniambia, zimemtuliza hata mtoto mwengine ambaye zamani alikuwa akikimbia darasani kama kifaranga, kwa sababu sasa anajua kinachofuata.

"Hayo mepesi," akasema Mwalimu Sabiha. "Zito ni kumuachisha kujifanya."

Maana Thuwaiba, ukimuuliza kama kafahamu, alitikisa kichwa ndiyo. Ndiyo kwa kila kitu. Alikuwa amejifunza kuwa ukisema ndiyo watu wanakuacha. Basi Mwalimu Sabiha akabuni mchezo. Katikati ya mazungumzo anasema jambo la ovyo kwa sauti ya chini, kwamba ng'ombe kavaa miwani, au sheha kakaa juu ya mnazi, na asiyelisikia vizuri anainua mkono na kusema sikusikia. Anayesema anapigiwa makofi. Watoto wote wakawa wanainua mikono, hata wenye masikio yao mawili, kwa sababu kumbe darasani wengi hukosa maneno na hawasemi. Thuwaiba aliwatizama wiki nyingi. Hakuinua.

Ramadhani ikapita, Sikukuu ikapita, masika yakaingia. Siku moja nilimfuata skuli, Mwalimu Sabiha akanisubiri mlangoni. "Leo kasema," akaniambia. Nikamuuliza kasema nini. Thuwaiba akamtizama mwalimu, akanitizama mimi, akainua mkono juu hapo hapo nje kwenye tope: "Thikuthikia." Neno lilikuwa limebanwa puani na herufi zimepinda, lakini lilikuwa neno zima. Tangu kipupwe hakuwahi kunipa neno jipya. Nikambeba mgongoni, mtoto mzima na mkoba wake, hadi nyumbani.

Bi Mize alikuja kabla skuli hazijafungwa. Alikuja na mkoba mtupu, wa kutilia nguo za mjukuu. Lakini Bi Mize ni mtu wa haki. Alisema hataki kusikia habari kwangu wala kwa Hamad, kwa sababu sote tuna upande. Atakwenda mwenyewe atizame. Tukaenda naye, akapewa kile kiti kidogo cha mtoto, akakaa na buibui lake limemwagika pande zote.

Mwanzo mambo hayakwenda. Thuwaiba alipomwona bibi yake akafurahi, akageuka geuka, mashine ikapiga filimbi, akaivua. Bi Mize akanitupia jicho. Mwalimu Sabiha akaanza hadithi ya kuku aliyetotoa mayai ya bata, na vifaranga vilipoona maji vikajitosa. Amefika pale kuku anapopiga kelele ufukweni, mvua ikashuka.

Mnajua mvua ya masika juu ya bati. Hakuna aliyesikia kitu tena, si mtoto, si mtu mzima. Watoto wakaanza kupiga kelele wanataka kujua vifaranga vimezama au havikuzama. Mwalimu Sabiha hakunyamaza wala hakushindana na mvua. Aliendelea kwa mwili. Akawa yule kuku, anakwenda mbio huku na huku, mbawa juu, shingo mbele, macho yamemtoka. Akawa bata mdogo anapiga maji. Wa kwanza kucheka alikuwa Thuwaiba. Alicheka kabla ya darasa zima, kwa sababu keshaelewa.

Wenziwe wakamgeukia. Mmoja akamgusa bega, akafanya mikono ya kuuliza. Thuwaiba akasimama, akawaonyesha: kuku kule ukingoni analia, watoto hawazami, wanaogelea, wanamcheka mama yao. Alionyesha na uso wa kuku anayeona aibu. Darasa zima likaangua kicheko ambacho hatukukisikia, tulikiona tu. Kisha akaenda ukutani akagusa picha ya uji, maana hadithi imekwisha, na watoto wakasimama mstari nyuma yake.

Nilimtizama mavyaa wangu. Alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani, machozi yanatiririka wala hayafuti. Na mimi sikuwa na uso wa kupanga, nikayaacha yaje.

Mvua ilipopungua tukatoka kibarazani. Nilingoja aseme. Nilijua hatamchukua tena, lakini nilitaka kulisikia neno. Bi Mize hakunipa neno hilo. Alimgeukia Mwalimu Sabiha, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Mwalimu, kwetu Kojani, nyumba ya tatu na yangu, mna mtoto. Mguu mmoja anaukokota, mkono umekunjika, na maneno yake wayafahamu mamaake tu. Hajatoka nje ya ua tangu azaliwe. Yuno naye mtamweka wapi?"

Mwalimu Sabiha akasema Kojani pana skuli na pana mwalimu wa maandalizi anayemjua, na Jumamosi atavuka akazungumze naye.

"Basi na huyu mkwe wangu aje," akasema Bi Mize, ananionyesha kwa kidole. "Ana maneno mengi. Leo yatafaa."

Tulivuka Jumamosi ile. Mama wa yule mtoto anaitwa Time, mdogo kuliko mimi. Tulimkuta kakaa uani anasuka mkeka. Alitukaribisha vizuri sana, na kwa muda mrefu hakutaja kama ana mtoto. Bi Mize ndiye aliyelisema lililotuleta. Time akaendelea kusuka. Nikamhadithia haya niliyokuhadithia wewe, kuanzia dirisha lililokuwa likimuumiza Thuwaiba macho. Nilipofika kwenye ndimu na mashine, akatabasamu. Nilipofika kwenye ushanga, akaacha kusuka.

"Watoto wenziwe watamcheka," akasema.

"Watamcheka," nikamwambia. "Siku za mwanzo watamcheka. Wangu walimcheka. Mwalimu aliwaachia wakamcheka wakachoka, kisha akawapa kazi ya kumgusa bega, na siku hizi wanagombana nani amguse."

"Na weye, siku ya kwanza ulipomwacha pale, ulifanya nini?"

"Nililia hadi sokoni. Nikanunua muhogo, nikarudi nyumbani, nikapika."

Akacheka kidogo, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Kisha akauliza skuli zinafunguliwa lini, Mwalimu Sabiha akamwambia. Time akainuka, akaingia ndani, tukasikia anazungumza kwa sauti ya chini na mtu, na mtu huyo anajibu kwa maneno tusiyoyafahamu. Akatoka naye kamshika mkono. Mtoto mzuri, macho makubwa, kanzu safi iliyopigwa pasi. Akatutizama mmoja mmoja. Mlangoni akasita, maana uani palikuwa na changarawe na hakuwa na viatu.

"Hana," akasema Time. "Sijawahi kumnunulia. Hakuwa na pa kwendea."

Time akakaa chini pale kizingitini, akachukua ukindu kwenye mkeka wake, akauweka chini ya wayo wa mtoto kutoka kisigino hadi kidole gumba, akaukata kwa meno. Akataka kunipa. Kisha akautizama ule mguu wa pili, ulio mdogo kidogo kuliko mwenziwe, akachukua ukindu mwengine, akaupima nao.

"Wete vitapatikana vya namna hii?" akaniuliza. "Kimoja hivi, kimoja hivi?"

Sikujua. Nilisema vitapatikana, nikazipokea zile kindu mbili, nikazifunga kwenye ncha ya kanga.